Nyumba Sehemu Tano, Gari Sehemu Tatu

Kabla sijamweleza mtu huyu, yapasa niweke wazi hali ilivyokuwa, kwa sababu bila hali hiyo angebaki kuwa mzee wa njia panda ya Mingoyo ambaye watu humpitia wakiwa na magari ya kuuza, nami nisingekuwa na sababu yoyote ya kumwogopa.

Hali ilikuwa hivi. Mume wa mdogo wangu Zuhura alifariki ghafla, akaacha mke mmoja, binti mmoja mdogo, na ndugu mmoja wa baba na mama, Bakari. Hakuacha deni. Aliacha nyumba ya matofali mjini Lindi, na gari moja la spoti la milango miwili, la rangi ya fedha, lenye giya za mkono, alilolileta kutoka Japani katika miaka ya kazi yake ya melini. Sheria ya mirathi katika hali kama hiyo haina utata. Binti hupata nusu, mke hupata thumni, moja ya nane, na kinachosalia, yaani sehemu tatu katika nane, humwendea ndugu. Nimeufundisha mlango huo kwa miaka mingi na nimewagawia watu wengi mali zao. Hesabu ya kwetu niliipiga mara moja tu, nikaweka kalamu chini. Nyumba ilikuwa imekwisha kukadiriwa na watu wawili ambao Bakari mwenyewe aliwaridhia. Tukiihesabu nyumba kuwa sehemu tano, na gari likafikia sehemu tatu, Bakari angechukua gari, na Zuhura na bintiye wangebaki na nyumba yao, pasiwe na anayemdai mwenziwe. Likipungua, kilichopungua kingetoka katika kuta za nyumba.

Kwa hiyo paa la mdogo wangu lilisimama juu ya swali ambalo sikuwahi kulikuta katika kitabu chochote nilichosomeshwa: gari la spoti hushika bei yake kwa kiasi gani? Na mtu ambaye neno lake katika jambo hilo lilikubaliwa na kila upande, kuanzia Kilwa hadi Sudi, alikuwa mmoja. Watu walimwita Mthamini, nami nitamwita hivyo.

Hakuwa dalali. Dalali hula kwa muuzaji na kwa mnunuzi, na kadiri bei inavyopanda ndivyo sahani yake inavyojaa. Mthamini alipokea ujira mmoja usiobadilika, gari liwe lori la mizigo au kigari cha kubebea samaki, na aliupokea kabla ya kuanza, ili asije akashawishika na kile atakachokikuta. Alikaa kwenye benchi mbele ya duka la kuziba matairi, akiwa na kanzu fupi ya kazi iliyokuwa safi daima magotini, jambo la ajabu kwa mtu aliyeshinda chini ya magari. Siri yake ilikuwa kipande cha jamvi alichokitandika kabla ya kulala chali. Na kabla ya kukitandika alisema, "Hodi." Hakuwa akimwambia mwenye gari. Alikuwa akiliambia gari.

Vijana wa bodaboda walimcheka waziwazi.

"Babu, limekwambia karibu?" mmoja wao alimwuliza siku moja nikiwapo.

"Limeniambia lina mgonjwa ndani," Mthamini alijibu, akaingia chini.

"Na pikipiki yangu je? Mbona hujaipigia hodi?"

"Yako haina mlango," sauti ikatoka chini ya injini. "Nitabisha wapi?"

Zana zake zilienea katika mfuko mmoja wa kanzu: sumaku aliyoitia ndani ya soksi ya mtoto ili isikwaruze rangi, sindano ya fundi viatu ya kudungia bati lililooza, na kioo kidogo kilichofungwa kwenye kijiti. Zana ya nne ilikuwa ulimi. Alilowesha kidole, akakipitisha chini ya kizingiti cha mlango mahali ambapo hakuna mwoshaji anayefika, akakionja, akatema. Kwa ladha hiyo alijua kama gari limelala pwani au bara, na kwa muda gani. Wengi walidai ni mazingaombwe. Mimi niliyekaa naye nasema ilikuwa elimu, na kama elimu nyingine zote, ilimfurahisha aliyenayo kwa kiasi kidogo na kumtisha kwa kiasi kikubwa.

Nilimwona akimfanyia hivyo mnunuzi mmoja wa korosho aliyekuja na pikapu nyeupe, inang'aa kama sahani ya harusi. Mthamini alipitisha kidole chini ya reli ya kiti, akatoa mchanga wa kijivu, akauonja.

"Hili limelala majini."

"Majini wapi, mzee wangu? Nimelitoa bandarini Dar. Karatasi hizi hapa."

"Karatasi hazikuzama. Gari limezama."

Yule bwana alicheka, akatugeukia sisi tuliokuwa kando ili tucheke naye. Hakuna aliyecheka. Akaketi kwenye ngazi ya duka, ufunguo kaushika kwa mikono miwili, kama mtu aliyepewa kitu cha kumshikia mwenziwe. Ndipo nilipoelewa kwa nini watu hufika kwake wakiwa na midomo mikavu. Bei mbaya ya dalali hupingwa kwa dalali mwingine. Bei ya Mthamini haikuwa na mahali pa kukatiwa rufaa.

Jambo jingine lililowatisha ni kwamba bei yake ilikuwa na mwisho. Aliitaja, kisha akaongeza, "mpaka jua lizame." Mtu aliyerudi kesho kwa bei ya jana alitakiwa kulipa upya na kukaguliwa upya. "Bei ya gari ni maziwa, Maalim," aliniambia. "Nikikamua asubuhi, usinilaumu kesho yakiganda."

Kuhusu magari ya spoti alikuwa na madhehebu yake mwenyewe, na kwa sababu ndiyo yaliyotuhusu, nitayaeleza kwa ukamilifu. Usemi wake uliojulikana ulikuwa huu: "Gari la kazi hushuka kwa ngazi, gari la fahari hushuka kama nazi." Watu waliurudia usemi huo njia nzima, wakiwacheka wenye magari ya chini yaliyokwama kwenye matuta. Lakini wengi hawakupata kusikia nusu yake ya pili, kwa kuwa hakuwaambia ila waliouliza: "Na nazi ikishafika chini, haishuki tena."

Maelezo yake yalikuwa haya. Lori linatakiwa na watu mia, na bei yake iko kati ya hao mia. Mmoja akikataa, mwingine yupo. Gari la milango miwili, lenye tumbo la kukwaruza barabara, halitakiwi na mtu. Tangu Mingoyo mpaka Tingi hutampata wa kulichukua hata kwa kufugia kuku. Lakini Dar, katika nyumba fulani, yupo kijana mmoja ambaye kwa miaka kadhaa analitafuta gari hilohilo, la mwaka uleule, lenye giya za mkono na viti vyake vya asili. Huyo akilipata hatauliza limepungua kiasi gani. "Kitu cha fahari hakina soko, Maalim. Kina mchumba." Kwa hiyo gari la spoti hushika bei, tena laweza kupanda, kwa masharti matatu: lisiwe limekatwakatwa na kuongezwa mapambo, lisiwe limeliwa na kutu, na mchumba wake awe hai.

Nikamwuliza kama msomi: bei ipi ihesabiwe, ya Lindi lisikotakiwa au ya Dar lilikoposwa? Kwa mujibu wa nilivyosoma, mali hukadiriwa mahali ilipo.

"Ya hapa," akajibu. Akaelekeza kidole barabarani. "Na hapa pana barabara ya kwenda Dar."

Sijapata kusikia fatwa iliyokamilika kuliko hiyo.

Alikuwa na mambo yaliyopingana. Aliwaonya watu wasilipende gari, maana ni chuma kinachokufa. Lakini likija la spoti alilizunguka mara mbili pasipo kuligusa, na sauti yake ilishuka kama ya mtu aliyeingia chumba chenye mtoto aliyelala. Alijua mwendo wa kila injini, na alipopanda bodaboda alifumba macho akisoma dua mpaka ashuke. Hakuwahi kumiliki hata baiskeli. Alikuwa mkali wa maneno kuliko mtu yeyote niliyemjua, na alikuwa mwoga kuliko wote.

Woga huo ulionekana kabla ya kutaja bei. Alinawa mikono kwa maji ya kopo, polepole, na mikono ilitetemeka. Hakukagua gari la jamaa yake wala la rafiki. Nilidhani ni uzee, mpaka aliponieleza, miaka kadhaa kabla ya msiba wetu. Alikuwa na rafiki huko Tingi aliyekuwa akiuza gari la abiria, na rafiki huyo alikuwa na mtoto mgonjwa. Mthamini alikuta ufa kwenye chesesi, ule uti wa mgongo wa gari, ufa mwembamba kama unywele. Akamfikiria yule mtoto. Akataja bei ya gari zima. Mnunuzi aliuza shamba lake la mikorosho kwa ajili ya gari lile, na kwenye mteremko wa Mbwemkuru, likiwa limejaa watu, chesesi ikakatika. Wawili hawakuinuka.

"Bei ni ushahidi, Maalim," aliniambia. "Siku ile nilishuhudia kwa mapenzi. Tangu hapo, nikimpenda mwenye gari, nauogopa mkono wangu mwenyewe."

Sasa nirudi kwa Bakari. Alikuwa mtu wa adabu, mwenye kofia ya kiua isiyo na doa, na kila alichokitaka alikiomba kwa sura ya heshima. Nilipomtaka tugawane mara baada ya matanga, alisema, "Tusubiri eda ya shemeji iishe, Maalim. Tusije tukaonekana tuna haraka na mali ya marehemu." Nilijua vyema kwamba eda haizuii mirathi. Niliona haya kulisema mbele ya waombolezaji, nikanyamaza, na miezi minne na siku kumi ikapita gari likiwa limesimama uani, upande wa upepo wa bahari. Eda ilipokwisha, alitaka kwanza karatasi za bandarini zihakikishwe. Ikapita miezi miwili. Zilipofika, ilikuwa mwisho wa Shaabani.

"Basi hakuna neno tena," akasema. "Wiki ijayo twende kwa Mthamini."

Wiki iliyofuata ilikuwa Ramadhani, na Bakari alijua, kama kila mtu alivyojua, kwamba Ramadhani Mthamini hafanyi kazi. Nilikuwa nimekwisha kumjadili zamani juu ya jambo hilo. Nilimwambia kuonja kwa haja na kutema hakubatilishi funga. Akanijibu, "Najua, Maalim. Ila mwenye njaa huionja chumvi akaiona tamu. Hiyo haiwi bei ya haki."

Nilikutana na Bakari tukitoka msikitini baada ya adhuhuri, nikamwuliza usoni kwa nini anachelewesha. Akatabasamu, akarekebisha kofia.

"Mbona una wahka, Maalim? Nyumba haina haraka. Nyumba hata ikilala inaamka ileile."

Akaenda zake, nami nikabaki nimesimama juani. Hakulitaja gari, na hakuwa na haja ya kulitaja. Kila mwezi uliopita uliiacha nyumba kama ilivyo, ukala kidogo katika gari; na kila kilicholiwa katika gari kiligeuka kuwa chake katika nyumba. Hakuwa akiiba. Alikuwa akiuachia upepo ufanye.

Tangu siku hiyo sikupata utulivu. Kila asubuhi nikimaliza darasa nilipita kwa mdogo wangu, nikainua turubai, nikalowesha kidole na kukipitisha chini ya kizingiti cha mlango. Mimi, niliyezoea kuonja maneno tu, nilisimama uani kwa Zuhura nikionja chuma. Kilikuwa na chumvi. Kesho yake kilikuwa na chumvi. Sikujua kama imezidi au ni hofu yangu iliyozidi, kwa kuwa ulimi usiofunzwa haupimi, unasikia tu. Siku ya kumi nikaacha.

Zuhura naye alikuwa na hofu yake, na hakuniambia alichokifanya nayo. Huku kwetu nguzo ya nyumba hupakwa mafuta meusi ya maganda ya korosho, na nguzo iliyopakwa mchwa hawaigusi. Mafuta hayo ni makali. Yanaunguza ngozi, na wanawake wabanguaji hujulikana kwa vidole vyao. Mdogo wangu akafikiri kwamba kinachomshinda mchwa kitaishinda na chumvi. Akanunua ndoo nzima kwa wabanguaji, akafunga mikono yake kwa mifuko ya plastiki, akalala chini ya gari na kulipaka tumbo lote, chini ya milango, na boriti ya chuma inayokaa juu ya tangi la mafuta. Alifanya hivyo katikati ya Ramadhani, akiwa na funga. Ila hakuliosha kwanza.

Mthamini alikuja siku chache baada ya Idi. Tulikuwa uani watu watano: yeye, Bakari, mimi, na Zuhura aliyesimama mlangoni na bintiye. Alisema hodi. Akatandika jamvi, akaingia. Tulisubiri kusikia sumaku. Hatukusikia kitu. Alipotoka, mkono wake wa kulia ulikuwa mweusi mpaka kwenye kifundo.

"Nani amelipaka hili?"

"Mimi, baba," Zuhura alijibu. "Nililikinga na chumvi."

"Uliliosha kwanza?"

Zuhura alitazama chini. "Sikuliosha."

Bakari akacheka kwa pua. "Gari si nguzo ya banda, shemeji."

"Nguzo ya banda inasimama ilipowekwa," Zuhura akamrudishia. "Wewe ulisimama wapi miezi saba hii?"

Mthamini aliinua mkono, wakanyamaza wote wawili. Akaagiza injini iwashwe. Bomba la moshi lilipopata moto, yale mafuta yakaanza kufuka, moshi mweupe unaochoma macho na koo, na sote, bila kuambizana, tukahamia upande unakotoka upepo, kama watu wanaokaanga korosho. Binti alikohoa mpaka akachukuliwa ndani.

"Zimeni," Mthamini akasema. "Siwezi kuonja. Na kilichofunikwa sikishuhudii. Lisafishwe. Siku ya saba nitarudi."

"Na kama chini yake kumeoza?" Bakari aliuliza.

"Basi kumeoza."

Tulisafisha siku tano, mimi na Zuhura, kwa mafuta ya taa, maranda ya mbao na matambara ya kanga kuukuu. Kila tulipofuta kipande, tulikitazama kwanza pamoja kabla ya kusogea, kama watu wanaofunua uso wa mgonjwa. Chuma kilitokea kizima. Chini ya milango palikuwa na madoadoa ya kutu, machache, ya juujuu. Tukaosha kwa maji baridi, mara tatu, nami kwa kuzoea nikahesabu moyoni. Mahali pamoja tu palitushinda: ile boriti juu ya tangi. Mafuta yalikuwa yameganda pale kama ulimbo, na hayangetoka bila kushusha tangi na kuyayeyusha kwa moto, na fundi tuliyemwita alinusa, akasema hashiki moto karibu na kitu kile.

Siku ya sita nilikwenda Mingoyo peke yangu.

Nilimkuta Mthamini nyumbani kwake, akipaka asali kwenye mkono wa kulia. Vidole vilikuwa vimetoka malengelenge kwa yale mafuta. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akauliza hali ya Zuhura na mtoto. Kisha akanitazama.

"Maalim, umekuja kama mgawa mirathi, au kama kaka?"

"Kama kaka."

"Basi usiseme."

Nikasema. Namba zilikuwa zimenijaa kifuani, na hofu ilikuwa imenijaa juu ya namba. Nikamweleza kwamba likifikia sehemu tatu yatima atabaki kwao. Nikamwambia, "Sikuombi uongo. Nakuomba tu, penye shaka, shaka iende upande wa yatima." Niliona nimelipanga neno vizuri, na kwamba hakuna fakihi ambaye angelikosoa.

Aliendelea kupaka asali kidole kimoja kimoja mpaka akamaliza.

"Umesema," akasema. "Nenda."

Kesho yake alikuja na mkono umefungwa kitambaa. Alifanya kazi kwa mkono wa kushoto. Alionja chini ya milango, akatema, akatikisa kichwa kama mtu aliyeridhika. Sumaku ilishika kila mahali. Bakari alianza kuzungusha kofia yake mkononi, na mimi, Mungu anisamehe, niliifurahia kofia ile. Kisha Mthamini akaingia na kioo na sindano mpaka kwenye boriti ya juu ya tangi, na hakutoka. Tuliisikia sindano ikigonga. Ikanyamaza. Ikagonga tena. Sijui alikaa muda gani pale chini. Najua kwamba Zuhura alikuwa ameshika fremu ya mlango, na kwamba hakupepesa macho.

Alitoka, akaomba maji. Mikono ilitetemeka hata maji yakamwagika zaidi kuliko yalivyonawisha.

"Sehemu mbili na nusu," akasema, bila kumtazama mtu. "Mpaka jua lizame."

"Nimekubali," Bakari alisema papo hapo.

Hesabu ya nusu ile ni nyepesi, na nitaiweka hapa ili isidhaniwe ni jambo dogo. Nyumba tano na gari mbili na nusu hufanya saba na nusu. Tatu katika nane za hizo huzidi thamani ya gari kwa kiasi ambacho, kikipimwa katika nyumba, ni sehemu moja ya kumi na sita. Zuhura hakuwa na fedha za kukifidia. Nilimwomba Bakari ampe muda, akanijibu kwa adabu ileile kwamba muda umekwisha kupita mwingi. Alitaka haki yake katika nyumba yenyewe, na wale wakadiriaji wawili waliitwa, wakapima, wakasema kibaraza cha mbele ndicho kinacholingana nayo. Ikaandikwa hivyo. Gari alilipeleka Dar, na wiki mbili hazikutimia akampata kijana aliyekuwa akilitafuta lile hasa. Bakari mwenyewe alinitajia bei, akiwa amekaa kibarazani. Ilipita sehemu tatu.

Kwa miaka mitatu sikumwendea Mthamini. Nilipopita Mingoyo nilitazama upande wa pili. Kisha akaniita. Nilimkuta kitandani, amekuwa mwepesi, na mwanawe wa kike akaniambia kwamba ulimi wake hauonji tena kitu, hata uji mpaka aambiwe una sukari ndipo ajue. Nilimwamkia. Aliitika, akamwashiria bintiye atoke.

"Maalim, ile boriti."

"Ipi, mzee wangu?"

"Ya juu ya tangi. Haikuwa na kitu. Nilikisikia chuma chini ya sindano, kizima, kama siku lilipotoka kiwandani. Nikiwa chali palepale nikasema moyoni: tatu. Tatu kamili."

Alikuwa akiogopa, na hakuwa akiniogopa mimi.

"Kisha nikakukumbuka ulivyokaa hapa, unaniambia yatima. Nikajiuliza, hii tatu ni ya gari, au ni ya Maalim? Sikuweza kujua. Nikatamani kuwa salama. Nikakata nusu."

"Na kama nisingekuja?"

"Ungenyamaza, ningesema tatu."

Nje mtu alikuwa akitwanga, na kinu kiliendelea kwa mwendo wake. Aliniomba nimfikishie Zuhura maneno yale na nimwombee radhi, kwa kuwa yeye hana tena miguu ya kufika Lindi. Nilimwambia nitafanya hivyo.

Alifariki kabla ya mwezi kwisha. Mdogo wangu sijamwambia. Bakari hukaa kwenye kibaraza cha nyumba ile kila siku baada ya alasiri, na Zuhura na bintiye hutoka na kuingia kwa mlango wa uani.